Chujio la Arobaini na Moja

Verna aliuona uzi mwekundu kwanza. Alikuwa ameingia kwenye banda la mdogo wake, Des, na sahani ya skonzi mkononi, hana ugomvi na mtu isipokuwa Glenys, na shida yake ilikuwa kikombe cha chai na sikio la kumsikiliza. Juu ya meza ya kazi, chini ya mkasi mkubwa, palikuwa na kipande cha blanketi kilichotobolewa matundu ya mviringo safu kwa safu, kama kinyunya kilichokatwa kwa mdomo wa glasi. Na baina ya tundu na tundu ulipita uzi mwekundu, mishono mirefu iliyolalia upande usio wake, mishono ya mtu anayeshona kwa mkono wa kushoto. Wilaya nzima ya ngano, kuanzia relini mpaka mpakani, hakuna mwanamke aliyeshona hivyo. Mama yao tu, na mama yao yuko makaburini huu mwaka wa kumi na tisa.

"Des."

Des hakusikia. Redio ilikuwa inatangaza kriketi, naye amejibandika duara la kitambaa mdomoni, anapuliza kuelekea mshumaa uliosimama mbele yake. Ndivyo anavyovipima vyujio vyake vya mashine za kufyonza vumbi. Mwali ukiyumba na usizimike, kitambaa ni kizuri. Ukizimika, kitambaa kimelegea, kitapitisha vumbi mpaka kwenye mota. Usipotikisika kabisa, kimebana mno, na mota itapiga mayowe mpaka iungue. Mshumaa ukazimika. Des akatukana kidogo, akalitupa lile duara kwenye ndoo ya vilivyoharibika, akanyoosha mkono kuchukua jingine.

"Desmond!"

Jina zima hilo. Verna huliita mara moja kwa miaka kumi. Des akageuka, akaiona sura ya dada yake, akazima redio bila kuuliza matokeo.

"Kuna nini?"

"Hili umelitoa wapi?"

"Lipi?"

"Usinichezee, Des. Nitakupiga na hii sahani. Hili hapa!"

"Ah, hilo. Si ulinipa mwenyewe? Februari, nyumba yako ilipokuwa inapakwa rangi. Ulinipigia simu ukasema njoo uchukue gunia la matambara verandani."

"Nilisema gunia la matambara!"

"Nami nikaja nikachukua."

"Yalikuwa mawili!"

"Nikachukua yote mawili. Njia nzima najiuliza, leo bimkubwa kapatwa na nini, mbona amekuwa mkarimu."

Verna akaiweka sahani mezani kwa kishindo, skonzi moja ikabiringika mpaka uvunguni. Sasa aliona yote, tena aliyaona vizuri kuliko alivyotaka. Siku ile mafundi wa rangi walitaka sanduku la mablanketi liondolewe ukutani. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alilitoa waga la mama, lile blanketi la viraka, akalitia kwenye gunia safi la makapi pamoja na vidonge vya nondo, vile vya kufukuza wadudu wa nguo, akaliweka verandani kando ya gunia la matambara. Aliporudi kutoka dukani akakuta veranda nyeupe, haina kitu, akadhani mafundi wamelirudisha ndani. Hakufungua sanduku tena. Waga lenyewe halilaliwi, linatunzwa, na mtu hafungui sanduku kila siku kuangalia kama mali yake bado ipo.

Mpaka Jumatatu ya wiki hii. Ukumbi wa mji unatimiza miaka mia, na kina mama wanaandaa meza ya vitu vya enzi za dhiki, na Verna alikuwa ameahidi waga mbele ya kamati nzima. Alipokuta sanduku lina mapazia tu, mtu wa kwanza kumjia kichwani alikuwa Glenys, mwenyekiti, ambaye mwezi wa kwanza aliliona akalisifu mno. Verna akapiga simu. Maneno aliyomwambia Glenys siku ile hayafai kurudiwa, ila lililokuwa jepesi kuliko yote lilikuwa "mdokozi". Glenys akakata simu. Na sasa mdokozi ni huyu hapa, ana manyoya ya sufu ndevuni.

"Lilikuwa na vidonge vya nondo," alisema Verna. "Nani anaweka vidonge vya nondo kwenye matambara? Hukunusa?"

"Wewe! Wewe unaweka vidonge vya nondo hata kwenye mapambo ya Krismasi! Nyumba yako yote inanuka hivyo, ningejuaje?"

"Ungetazama! Una macho! Huoni mshono wa mama yako?"

"Nilikuwa natazama kitambaa," alisema Des, naye sasa alianza kupandwa na hasira. "Nyuma yake ni magunia ya unga, Verna. Ndani yake kuna soksi. Juu viraka vya suruali kuukuu na koti la jeshi. Ukimwonyesha mtu yeyote akuambie hicho ni kitu gani, atakwambia ni matambara. Ni matambara!"

Na kwa hilo hakusema uongo, ndilo lililomwuma Verna zaidi. Waga ni matambara. Watu wa ngano walipokuwa hawana kitu, hawakununua mablanketi. Walikusanya suruali zilizokufa na sampuli za fundi cherehani, wakazishona juu ya magunia, na baridi ya Julai ikawakosa. Mama yao alianza kulishona lile akiwa msichana, akawa anaongeza kiraka kila nguo ilipomshinda kutia raka, mpaka mwaka hamsini na nane. Mwaka huo aliacha. Hakuongeza tena hata kidogo, na hakueleza kwa nini.

"Umekata mangapi?"

"Vyujio? Arobaini na kimoja vizuri. Vibovu vimo kwenye ndoo."

Verna akaimwaga ndoo sakafuni. Akapiga magoti, mwanamke wa miaka sabini na miwili mwenye goti la chuma, akaanza kupekua. Kijivu, kahawia, kaki, kahawia. Akavitupa kimoja kimoja nyuma ya bega. Akanyanyuka akashika mabaki ya mezani, akayageuza huku na huku mpaka Des akamshika mkono.

"Unatafuta nini?"

"Vile vizuri viko wapi?"

"Vimekwenda. Nimevituma kwa posta. Perth, Hobart, Brisbane, kimoja kimevuka bahari mpaka Dunedin. Watu wana zile mashine za zamani za kufyonza vumbi, za miaka ya hamsini, za chuma, zinavuta mpaka misumari, lakini kiwanda kilifungwa siku nyingi na vyujio vyake vya asili vimegeuka unga. Wanategemea mimi." Hapo hata katikati ya ugomvi, fundi alimshinda mdogo mtu, akaanza kueleza. "Sufu kama ile hakuna tena, dada. Ya siku hizi nusu yake plastiki. Ile inashika vumbi hili letu jekundu na pumzi inapita. Naiwekea flana kwa ndani, naizungushia ukingo wa tyubu ya baiskeli, inakaa kwenye mkebe kama imezaliwa humo. Watu wananiandikia barua kunishukuru!"

"Si chako!" Verna alipiga meza. "Wanakushukuru kwa kitu ambacho si chako! Hakikuwa chako, hata uzi wake mmoja haukuwa wako, hukuwa na haki ya kukigusa!"

"Basi sawa! Si changu! Hakuna kilichowahi kuwa changu kwenye ile nyumba! Unatafuta nini humo, niambie nikutafutie, halafu uende kwako!"

Verna alikuwa anahema. Alitazama yale matundu kwenye blanketi, kisha akasema, akitazama matundu, si uso wa mdogo wake.

"Kuna kiraka cha buluu. Buluu iliyoiva, karibu nyeusi. Katikati kina alama ya mfuko uliofumuliwa. Suruali ya mtoto."

"Ya nani?"

Verna akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu moja.

"Verna, ya nani?"

"Ya Alby."

Des akaivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu ameandikiwa humo, akaivaa tena.

"Alby wa kaburini," alisema.

"Unamjua mwingine?"

"Simjui huyo wala mwingine!" Na hapo Des alilipuka kweli. Alikuwa mtu mtaratibu, watu wanamletea mashine zao kwa sababu hana haraka wala kelele, lakini siku ile mishipa ilimsimama shingoni. "Nimjulie wapi? Nilisoma jina lake kwenye jiwe nikiwa na miaka tisa. Nikalisoma kwa sauti, Albert, nikamuuliza Mama huyu ni nani mwenye jina letu la ukoo, akanizaba kofi pale pale makaburini, mbele ya mchungaji. Mbele ya mchungaji, Verna! Ulikuwepo. Ulikuwa na miaka kumi na saba, umesimama na glavu zako nyeupe, hukusema neno. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakuna aliyesema neno. Miaka sitini! Ninyi mnaye, mnamtunza sandukuni na vidonge vya nondo, mimi nimeachiwa jiwe. Halafu leo unakuja bandani kwangu unaniuliza kwa nini sikujua suruali yake!"

Verna akainama, akaanza kuvirudisha viduara ndooni.

"Nipe orodha," alisema mwishowe.

Des akachomoa daftari la shule kwenye droo, akalitupa mezani. Mlikuwa na majina, miji na nambari za simu, kwa mwandiko wake mdogo wa fundi.

"Wapigie. Na ukimaliza, chukua na skonzi zako."

*

Alianza na Glenys, maana deni la maneno nalo linawasha. Alipiga simu, akasema, "Si wewe. Ni Des. Nisamehe," kwa sauti ya mtu anayegombana, na Glenys akajibu kwamba msamaha huo umekaa kama tusi la pili, lakini ameupokea. Akauliza kama waga litakuja Jumamosi. Verna akamwambia asimuulize habari za waga, akakata.

Kisha akawasha birika, akafungua daftari.

Siku tatu alipiga simu. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno mstaafu kule Hobart, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kumjibu. Alikwenda kuifungua mashine yake pale pale, simu ameibana kwa bega. Kijivu, alisema, chenye mistari myembamba myeupe.

"Hiyo ni suti ya harusi ya baba yangu," alisema Verna.

"Aisee. Pole sana, mama." Akakipapasa kile kitambaa. "Ila inavuta vizuri sana."

Verna alitamani kumrushia birika mpaka Tasmania. Mama mmoja wa Dunedin alikuwa na mashine tisa, kila moja ina jina lake, na kabla hajasema rangi ya chujio alitaka kwanza kueleza tabia za Harriet, ambaye hapendi mazulia. Kaki. Koti la jeshi. Bwana wa Perth alisema chujio amelipata kihalali na hana la kuongea, akakata. Verna akampigia tena. Akakata tena. Mara ya tatu Verna akamwambia kwamba yeye ni mjane, hana kazi, na ana simu ya kulipiwa kwa mwezi, kwa hiyo anaweza kumpigia mpaka mmoja wao afe. Bwana yule akaenda kutazama. Kahawia.

Kijivu. Kahawia. Kijani kama jani la mwaridi, sampuli ya fundi. Kahawia. Wengine walisema watamrudishia, yeye akasema rudisheni, wengine wakauliza kama wapige vumbi kwanza. Mama mmoja wa Brisbane alilia kwenye simu, akasema nyanya yake naye alishona waga, wakamzika nalo. Verna hakuwa na nafasi ya machozi ya mtu mwingine, lakini alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: rangi gani? Nyeusi, mama. Nyeusi nyeusi, au buluu? Ipeleke dirishani. Nyeusi.

Kila alipokata simu alizidi kukasirika, na hasira yenyewe ilikuwa imeanza kumchanganya, maana kila aliyemkasirikia hakuwa na kosa. Alijaribu kumkasirikia Des, akaisikia ile sauti yake ikisema mbele ya mchungaji. Zile glavu nyeupe alizikumbuka. Zilikuwa zinabana.

Alhamisi jioni alifika mwisho wa daftari. Alihesabu majina kwa ncha ya kalamu, akahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Arobaini.

*

Ijumaa asubuhi hakubeba skonzi. Alimkuta Des nje ya banda, ameviosha vile viduara vibovu vya kwenye ndoo na kuvianika kwenye kamba ya nguo, kimoja kimoja, na vibanio. Hawakusalimiana.

"Ulisema arobaini na kimoja," alisema Verna. "Humu mna arobaini."

"Ndiyo."

"Wa arobaini na moja ni nani?"

Des akabana kiduara kingine kwenye kamba. "Hujui?"

"Ningekuwa najua ningekuja hapa kutazama sura yako?"

"Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye wa arobaini na moja. Kitambaa kipya kikija, chujio la kwanza naweka kwenye mashine yako. Nikuandike kwenye daftari kwa nini, nakuposti? Unakaa hapo ng'ambo ya barabara. Mwezi wa tatu, nilikuja kukubadilishia, ukanipa na keki. Wiki iliyofuata ukanisimamisha nje ya posta mbele ya watu ukasema, Des, umeweka nini mle, mashine inataka kunivuta na zulia."

Alisema hivyo. Verna alikumbuka, alisema hivyo hivyo, na watu walicheka.

Aligeuka akaanza kutembea. Des akaviacha viduara kambani, akamfuata. Walivuka barabara wametangulizana kama watu wasiojuana, Verna mbele na goti lake, Des nyuma na bisibisi mfukoni, na mbwa wa Verna akawabwekea wote wawili.

Mashine ilikuwa chumba cha kufulia, imelala kwenye pembe yake, ndefu, ya kijani, imekwaruzika. Ilikuwa ya mama yao. Verna aliitumia kila Jumanne na Ijumaa, na kila siku ya upepo, maana upepo wa huku unaleta shamba zima ndani ya nyumba. Tangu mwezi wa tatu. Alijaribu kuhesabu Jumanne hizo, akaacha.

Des akaipakata, akafungua vifungo viwili vya nyuma, akachomoa mkebe. Chujio lilitoka limevimba. Lilikuwa jekundu, vumbi limeganda juu yake kwa unene wa kidole, pamoja na manyoya ya mbwa na nywele nyeupe za Verna mwenyewe. Des, kwa mazoea ya mkono, akalielekeza kwenye ngazi ya mlango wa nyuma ili alikung'ute.

"Usilipige!"

Des akasimama mkono ukiwa hewani.

"Usilipige," alisema Verna tena, polepole. "Lete."

Alikaa kwenye ngazi, akaliweka mapajani, akaanza kufuta kwa kidole gumba. Vumbi likatoka kama ngozi ya maziwa. Chini yake ikaonekana buluu. Akafuta tena, na hapo katikati ikajitokeza alama ya mfuko, pembe mbili na mstari wa chini, buluu ya ndani zaidi, pale ambapo jua halikuwahi kufika. Mfuko mdogo. Usingepokea hata mkono wa Verna.

"Miezi minane," alisema. "Miezi minane ninamlisha uchafu."

"Ulikuwa hujui."

"Usinitetee! Kwa nini hiki, Des? Katika vyote, kwa nini ulichagua hiki ukaniwekea mimi?"

Des akajikuna shingo. Alikaa ngazi ya chini yake, akatazama uwanja.

"Kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko vyote," alisema. "Vile vingine vyote vilikuwa vimekwisha. Ukiviweka mbele ya tochi unaona nyota, magotini hasa, kwenye makalio. Hiki, hata nyota moja. Kama kimetoka dukani. Nilikishangaa, nikasema, nani mjinga huyu aliyekata suruali mpya akashonea blanketi? Nikasema, basi hiki ni cha Verna."

Verna alilishika chujio kwa mikono miwili. Maneno yaliyokuwa yamekaa miaka sitini hayakutoka kwa upole, yalitoka kwa hasira, kana kwamba Des ndiye aliyeyaficha.

"Alizivaa wiki moja. Unasikia? Wiki moja tu. Za kwanza alizowahi kununuliwa dukani, nyingine zote zilikuwa za binamu. Jumapili ya pili kulikuwa na joto, akatoroka kwenda lamboni peke yake. Mama alikuwa ameapa, akizilowesha atamchuna ngozi. Basi akazivua. Akazikunja, Des. Mtoto wa miaka saba ambaye hakuwahi kukunja hata leso. Akaziweka juu ya jiwe. Ndivyo tulivyojua yuko wapi. Suruali imekunjwa vizuri juu ya jiwe, kavu kabisa."

Mbwa alikuja akajilaza miguuni pao. Des hakumgusa.

"Mama alizishona kwenye waga usiku wa mazishi," Verna aliendelea, "na asubuhi akatuambia tusitaje tena. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilitii. Nimemtii mpaka leo, mjinga mimi, hata yeye mwenyewe amekufa bado namtii!" Alikuwa anapiga kelele sasa, na majirani na wasikie. Alimkasirikia mama yake kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu yeyote duniani, na mtu wa kumwambia hayo hakuwepo tena. Aliyekuwepo ni Des. "Hata zilimpwaya. Alizifunga kwa kamba kiunoni, zilimfika chini ya magoti. Mama alinunua kubwa makusudi. Alisema atakua, na baada yake..."

Akaifuta tena ile alama ya mfuko kwa kidole gumba.

"Baada yake nini?" aliuliza Des.

Verna alimtazama mdogo wake, mzee wa miaka sitini na minne, mwenye kofia iliyopauka na vumbi jekundu kwenye nyusi. Mwaka ule alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa akimfuata kaka yake Alby kila mahali kwenye uwanja, akianguka, akiinuka, akimfuata tena, na hakuna aliyewahi kumwambia hata hilo.

"Baada yake wewe," alisema. "Ungezivaa ukianza shule. Zilikuwa zije kwako, Des. Zilikuwa zako."

Akampa lile chujio. Des akalipokea, akaliweka juu ya goti lake, akalifunika kwa kiganja.